Mbegu za Hempu Tunazoulizia na Mbegu za Maboga Tunazowamwagia Kuku

Hotuba hii ilitolewa kwa vikundi vya akina mama vya kuweka na kukopa, wilaya ya Chamwino, Dodoma. Inawekwa hapa yote kwa ajili ya wale ambao siku hiyo walikuwa bado mashambani.

Mheshimiwa Diwani, Mwenyekiti wa kijiji, Mtendaji, viongozi wetu wa dini, wenyeviti wa vikundi, baba zangu mliokaa pale nyuma mkijifanya mmepita tu, na nyinyi mama zangu na wadogo zangu: mbukwenyi!

Hapana, hiyo ni mbukwa ya watu wenye njaa. Mbukwenyi! Haya, sasa najua nimefika nyumbani. Wazee, shikamooni.

Mwenyekiti wa vikundi aliponipigia simu alisema, "Mwalimu, njoo utueleze habari za mbegu za hempu, maana makundi yetu ya simu hayana habari nyingine." Ni kweli. Hata mimi nimetumiwa, kutoka Mpwapwa, kutoka Manyoni, hadi kwa mwanangu aliyeko Dar es Salaam. Mbegu za hempu zinaponya kisukari. Zinashusha presha. Zinarudisha ujana. Zinaotesha nywele. Ukisoma mpaka chini unakuta nini? Namba ya kutuma hela.

Mimi nimefundisha sayansikimu mpaka nikastaafu, kwa hiyo leo nitawatendea kama nilivyowatendea wanafunzi wangu. Sitawaambia kwamba hempu ni uongo mtupu, kwa sababu si uongo mtupu. Lakini nitawauliza swali moja, na nitalirudia mpaka mnichoke: kile unachokitafuta kwenye ile mbegu ya mbali, umekitafuta kwanza jikoni kwako?

Tuanze na hempu yenyewe. Kwa ukoo ni bangi. Naona Mtendaji ameinua kichwa. Ni mmea uleule, ila ni aina ambazo watu wamezichagua kizazi baada ya kizazi kwa ajili ya nyuzi na mbegu, zenye kilevi kidogo mno. Nchi zinazoiruhusu zimeweka mpaka. Marekani, kwa sheria yao ya 2018, mmea usiozidi asilimia 0.3 ya kilevi ndio unaoitwa hempu. Ukizidi hapo ni bangi. Canada waliruhusu kilimo chake mwaka 1998. Jirani zetu wa Malawi walipitisha sheria yao mwaka 2020. Mbegu yenyewe karibu haina kilevi. Kinachoonekana ni masalia ya utomvu unaogandia kwenye ganda.

Huko wanaitumiaje? Zikikobolewa wanazinyunyiza kwenye uji na kwenye kachumbari. Wanazisaga na maji, wanachuja, wanapata kitu kama tui. Wanazikamua mafuta ya rangi ya kijani, ambayo humiminwa juu ya chakula kilichokwisha kuiva, maana hayavumilii moto wa kukaangia. Mashudu yake yanasagwa yakawa unga wa mikate. Na gome la mti wake linatoa kamba na nguo.

Na lishe yake? Ni nzuri, nakiri bila kusita. Katika gramu 100 za mbegu za hempu zilizokobolewa kuna protini gramu 32 hivi na mafuta gramu 49 hivi. Magneziamu ni miligramu 700, zinki 10, madini ya chuma 8. Tena mafuta yake yana ile aina nzuri iitwayo omega-3 ya kutosha, jambo ambalo mbegu nyingi hazina. Kwa hiyo anayesema ni chakula kizuri hajadanganya. Anayesema inaponya kisukari, huyo amedanganya. Hakuna mbegu inayoponya kisukari. Dawa za hospitali usiache kwa sababu ya mbegu yoyote, iwe ya kwetu au ya kwao.

Sasa sheria. Sisi tuna Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, na ina mamlaka kamili inayoisimamia. Kulima bangi Tanzania ni kosa la jinai. Wewe shambani kwako utamwambia nini askari? "Afande, hii yangu ni ya kunyunyiza kwenye uji"? Hilo naliacha hapo, Mheshimiwa Diwani ataliendeleza siku yake.

Lakini niwape kisa. Binti mmoja, mke wa jirani yangu, alinunua pakiti ya hempu mtandaoni. Alilipa fedha ambayo ingenunua debe zima la mahindi. Akanijia nayo mbio, "Mwalimu, nizile vipi?" Nikamwaga kiganjani. Mbegu ya hempu iliyokobolewa ni nene kidogo, laini, ina madoa ya kijani. Hizi zilikuwa bapa, nyeupe, zimechongoka upande mmoja kama tone la maji. Nikatafuna. Ufuta, mama zangu. Ufuta! Huenda ulilimwa hukuhuku kwetu, ukasafiri, ukavalishwa pakiti, ukarudi Dodoma na jina la kigeni.

Mnacheka, lakini hasara yake ilikuwa mara mbili. Ufuta ule ulikuwa umekobolewa. Ufuta mzima, wenye ganda lake, una kalsiamu karibu miligramu 975 katika gramu 100, nayo ndiyo madini ya mifupa na meno. Ukiukoboa, sehemu kubwa inaondoka na ganda. Ule mweusimweusi na wa kahawia mnaoudharau sokoni mkikimbilia mweupe uliokobolewa, ndio wenye mali.

Nikamuuliza binti: ulikuwa unatafuta nini kwenye hempu? Akasema, "Protini, Mwalimu, na madini, mtoto hakui vizuri." Nikamwambia twende nyumbani kwako.

Tumefika nyumbani kwake nikakuta nini? Boga limepasuliwa linachemka sufuriani, na matumbo ya boga, nyuzi na mbegu zake, yako uani. Kuku wanagombania. Kuku wa binti yule walikuwa wananawiri, manyoya yanang'aa. Nikasema, ona, hawa ndio waliokipata unachokitafuta.

Kwa nini nilisema hivyo? Sikilizeni hesabu, maana hapa ndipo nilipotaka tufike. Katika gramu 100 za kiini cha mbegu za maboga kuna protini gramu 30. Hempu ilikuwa ngapi? Thelathini na mbili. Mafuta gramu 49. Hempu ilikuwa ngapi? Arobaini na tisa. Magneziamu, boga karibu 590, hempu 700. Zinki, boga karibu 8, hempu 10. Chuma, boga karibu 9, hempu 8. Jamani! Tofauti iko wapi ya kumfanya mtu auze debe la mahindi? Na zinki hiyo ndiyo mwili wa mtoto unaihitaji ili akue na aweze kupigana na maradhi. Nchi yetu, kwa utafiti wa afya wa mwaka 2022, watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Kisha sisi tunamwaga mbegu.

Sasa namna ya kufanya. Toa mbegu, usizioshe kesho, zioshe leoleo kabla ule utelezi haujakauka juu yake. Zikamue zile nyuzi kwa vidole ndani ya maji. Mbegu zinaelea. Anika kwenye ungo au turubai, si chini kwenye udongo, mpaka ukiivunja inasema "ta!" Zikikunjika bila kuvunjika, rudisha juani. Kisha kaanga kwenye chungu kikavu kwa moto mdogo, unakoroga bila kusimama. Zitaanza kurukaruka na kutuna tumbo. Harufu ikitoka, epua mara moja, kwa sababu kutoka kuiva hadi kuungua ni kufumba na kufumbua. Menya, twanga, chekecha. Asiye na muda wa kumenya atwange na maganda yake, achekeche vizuri, hasa kama ni ya mtoto.

Vijiko vikubwa viwili vilivyojaa, kama gramu 20 hivi, vina protini inayolingana na yai moja. Unauweka wapi unga huo? Mgogo unaniuliza? Kwenye mlenda! Mlenda wako ukishakolea, punguza moto, koroga unga wa mbegu badala ya karanga au pamoja na karanga, uache uchemke kidogo, basi. Kwenye uji wa uwele wa asubuhi. Kwenye mchicha, kwenye majani ya kunde. Mama lishe aliye hapa anaweza kuutia kwenye mchuzi wa maharage, ukawa mzito, na mteja akarudi kesho bila kujua kilichomrudisha.

Nisije nikafanana na wale wa kwenye simu, kwa hiyo niseme na upungufu wake. Omega-3 mbegu za maboga karibu hazina. Karanga vilevile, alizeti vilevile. Hapo hempu inatushinda. Dawa yake ni dagaa. Dagaa wa elfu moja, wametwangwa, wametiwa kwenye mboga ya mtoto mara kadhaa kwa wiki. Upungufu wa pili: protini ya mbegu hizi, pamoja na ya mtama na uwele wetu, ina uhaba wa kiungo kimoja cha protini, laisini, ambacho kunde, choroko, mbaazi na maharage wanacho kwa wingi. Hempu nayo ina uhaba huohuo. Kwa hiyo ugali wa mtama, na kunde, na unga wa mbegu juu yake, vinasaidiana. Bibi zetu walikuwa wanapika hivyo bila kusoma sayansikimu popote.

Tuje kwenye karanga, na hapa mnivumilie, nitakaa kidogo.

Nani ametoka Kongwa? Wewe, mama. Watoto wa Kongwa wanaijua hadithi hii, wengine sina hakika. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula. Wakaangalia ramani, wakaona Tanganyika. Mwaka 1947 wakaanza mradi wa karanga hapo Kongwa, kisha na maeneo mengine. Walikusudia kulima zaidi ya ekari milioni 3. Walikuja na matrekta, na matrekta yalipopungua, vifaru vya vita vikageuzwa kuwa matrekta. Mnaujua mbuyu? Hebu fikiria mtu anayetaka kung'oa mibuyu ya Kongwa kwa ratiba ya ofisini. Udongo ukikauka kiangazi unakuwa mgumu kama saruji, majembe ya trekta yanakatika, na karanga iliyokwisha kukomaa haitoki ardhini. Mvua nayo ni hii yetu, msimu mmoja, milimita 570 hivi kwa mwaka, tena inakuja inapotaka. Mwaka 1951 mradi ukafungwa. Pauni milioni 36 hivi zimekwenda. Sehemu ya ardhi ile leo ni ranchi ya ng'ombe.

Lakini karanga ya Kongwa imekufa? Haijafa! Ipo, inalimwa na mama mwenye jembe la mkono na kipande chake, anayejua kwamba karanga inang'olewa ardhi ingali na unyevu. Yeye hakuhitaji kifaru. Ndiyo maana mtu akiniambia "tulime zao jipya kutoka ng'ambo, lina faida," huwa namuuliza kwanza kama ameiona mvua yetu ilivyo.

Karanga ina protini gramu 26 na mafuta gramu 49 katika gramu 100. Nguvu yake mnaijua, sina haja ya kuwahubiria. Nitakachowahubiria ni sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na fangasi. Mwaka 2016, katika mkoa wetu huu wa Dodoma na jirani zetu wa Manyara, watu waliugua ini, wakawa na macho ya njano, matumbo yakajaa maji, wengine wakafa. Chanzo kilikuwa sumukuvu, hasa kwenye mahindi. Fangasi yuleyule anaipenda sana karanga. Na sumu yake haifi kwa kuchemsha wala kwa kukaanga. Narudia kwa ajili ya waliokuwa wanaongea: haifi kwa kuchemsha, haifi kwa kukaanga.

Sasa niwaulize, na msiangaliane usoni. Ni nani hapa, wakati wa kubangua karanga, hunyunyizia maji kwenye maganda ili yalainike na vidole visiumie? Naona mikono haipandi. Mimi nimekaa vijijini, najua. Ukilowanisha ganda, umemkaribisha fangasi, ukampa na maji ya kunywa. Bangueni kavu. Vidole vikiuma, vikundi vinunue mashine ya mkono ya kubangulia. Hiyo ndiyo kazi ya mkopo wa kikundi, si sare tu. Na kabla ya kubangua, chukua karanga na ganda lake, itikise karibu na sikio. Punje zikigonga ndani, imekauka. Kama kimya, iache juani, juu ya turubai.

Kisha kuchambua. Zilizosinyaa, zenye ukungu, zilizobadilika rangi, zilizotobolewa na wadudu, zitoe zote. Halafu unazifanya nini? Hapa ndipo penye dhambi ya soko letu. Nzuri zinauzwa nzima, mbovu zinasagwa, kwa sababu unga hauna sura. Mama anaona fahari anapeleka unga wa karanga wa bei nafuu kwenye uji wa mtoto, kumbe ndizo zile mbovu. Usinunue unga wa karanga usioujua. Nunua karanga, zichambue mwenyewe, uzitwange mwenyewe. Na zile mbovu usimpe ng'ombe wa maziwa, maana sumu inapita hadi kwenye maziwa. Zifukie.

Alizeti sitaichelewesha, maana wengi wenu ni wakulima wake kuliko mimi. Ina vitamini E nyingi kuliko mbegu zote nilizotaja leo. Lakini mmewahi kupita barabara ya Singida mkaona yale madumu ya mafuta yamepangwa kando ya lami, jua la saa saba linayapiga? Yanapendeza, yanang'aa kama asali. Jua hilohilo linayaharibu. Mafuta ya kukamua kijijini yaweke mahali pa giza, chombo kimefungwa, na ukisikia harufu kama ya rangi ya mbao, hayo tena si chakula, tengenezea sabuni. Mashudu tunayajua, ni ya mifugo.

La mwisho, nalo ni dogo lakini akina mama wengi linawaponyoka. Nimesema mbegu za maboga zina madini ya chuma. Ufuta nao unayo, kwa wingi hata kuliko boga. Lakini chuma cha mimea ni kigumu kuingia mwilini. Kuna kinachokifungulia mlango na kuna kinachokifungia. Kinachofungua ni vitamini C: limau, pera, na huu ubuyu wetu unaookotwa bure. Kinachofunga ni chai. Ndiyo, chai! Ile ya rangi, unayokunywa pamoja na chakula chako ukisema inateremsha. Mjamzito anaambiwa kliniki ana upungufu wa damu, anakula mboga, anatia mbegu, halafu juu yake anashushia chai vikombe viwili. Chai inywe baadaye, saa moja au zaidi baada ya kula. Wakati wa kula, kunywa maji ya ubuyu.

Kabla sijakaa, nimepewa karatasi yenye maswali, nijibu mawili. La kwanza: mtoto aanze mbegu lini? Mpaka miezi 6 ni maziwa ya mama peke yake, hakuna unga wa mbegu wala wa karanga. Kuanzia hapo, unga laini uliochekechwa, kidogokidogo, kwenye uji au mboga. Anza na aina moja, kaa siku mbili tatu umwangalie. Akivimba midomo, akitoka vipele au akikoroma, acha na umpeleke zahanati haraka. Na punje nzima usimpe mtoto chini ya miaka mitano, iwe karanga, iwe mbegu ya boga. Inaingia njia ya hewa, na ikishaingia huko, hata gari la kukodi halitakuwahisha.

La pili ameandika mwanaume, namjua kwa mwandiko: "Je, mbegu za maboga zinaongeza nguvu za kiume?" Baba, zinaongeza protini. Mengine muulize mkeo.

Mwenyekiti, nashukuru. Mama lishe wawili wameshaandaa mlenda wenye unga wa mbegu pale chini ya mti, na karanga zipo kwenye sinia tuchambue pamoja, kila mtu aone kwa macho punje mbovu inafananaje. Ubuyu upo ndoo mbili. Chai leo hakuna, msiulize.